Nilishona Madirisha ya Hema la Uyoga

Nilikosea. Wacha niseme mapema kabla sijaanza kujitetea, kwa sababu najijua, mimi ni mtu wa kujitetea. Nilimpiga muthoni wangu mpaka mfupa wa mkono ukakaa upande. Na wakati nampiga, bibi yangu alikuwa amelala chini nyuma ya stoo, anatafuta pumzi. Huyo mtu niliyempiga ndiye alikuwa amekuja kumsaidia!

Sasa naishi peke yangu Ruiru, kwa nyumba kubwa niliyojenga kwa jasho langu. Bibi yangu, nitamwita Mama Njeri, ako Makongeni kule Thika, kwa binti yetu. Nataka arudi. Hiyo tu ndiyo nataka katika hii dunia. Soma mpaka mwisho ndio ujue kwa nini harudi.

Kwanza uelewe muthoni ni nani. Huyu ni baba ya kijana aliyeoa binti yangu Njeri. Kwetu Wakikuyu, muthoni humwinulii hata sauti. Akija kwako unachinja. Ukikutana naye njiani unavua kofia. Mtu anaweza kupigana na ndugu yake wa tumbo moja na majirani waseme ni mambo ya shamba, yataisha. Lakini muthoni! Ukimgusa muthoni umebomoa nyumba ya mtoto wako mwenyewe.

Mimi nilimgusa.

Mimi sikusoma. Nilitoka shule nikiwa mdogo, nikaanza kubeba kuni kwa mwenye mikate pale Thika. Nikakanda unga, nikachomeka, nikatukanwa, nikajua tanuri. Baadaye nikaanzisha yangu Ruiru. Tanuri la kuni, matofali nilipanga kwa hii mikono. Nilikuwa najua joto kwa kuingiza mkono mdomoni mwa tanuri. Nywele zikijikunja kidogo, weka mkate. Zikiungua, ngoja. Hakuna mtu aliwahi kunionyesha mashine ya kupima joto nikaiheshimu. Mikate yangu ililisha Ruiru mpaka yakaja magari makubwa yenye mikate ya kufungwa kwa karatasi inayong'aa. Nikafunga tanuri. Stoo ikabaki tupu, ya mabati, na mwiko mrefu wa kutolea mikate umesimama kwa kona.

Muthoni alikuwa ametoka kazini pia, kiwanda cha nyuzi pale Thika. Mtu wa Kakamega, mnene, mdomo haufungi. Akija kwangu Jumapili baada ya kanisa, nyumba inajaa kelele. Mama Njeri alikuwa anampenda kwa sababu akija, kunachekwa. Kwangu hakukuwa na kucheka sana. Hiyo nitaifikia.

Siku moja akaniambia, "Baba Njeri, hii stoo yako inalala kama maiti. Tuweke uyoga."

"Uyoga? Mimi nile vitu vya kuota kwa mavi ya ng'ombe?"

"Si wewe ule! Wewe ule pesa za mahoteli! Kwetu mvua ikinyesha, watoto wanakimbia msituni kuutafuta kabla ya kunywa chai. Wewe umekula mikate mpaka ulimi ukafa."

Tukaanza. Yeye akaleta mifuko, mabua ya ngano yaliyopikwa na kupandwa mbegu ya uyoga. Mimi nikatoa stoo. Ndani ya stoo tukasimamisha hema, fito na karatasi nyeusi ya plastiki, kubwa mtu anaingia amesimama. Kando tukakata madirisha manne yenye vifuniko vya kukunja, na mlango wa pazia. Njeri akatununulia kasaa fulani ka kuning'iniza ndani, kanaonyesha joto na unyevu. Uyoga unataka ubaridi wa kadiri, na hewa yenye maji kama asubuhi ya ukungu. Mama Njeri ndiye alikuwa anapulizia maji na kuvuna, kwa sababu vidole vyake ni vyepesi. Mimi nikishika uyoga unavunjika.

Na ulitoka, usinione hivi. Mwaka wa kwanza ulitoka! Mweupe, mpana kama sikio. Na makosa yalikuweko ya kila mtu. Muthoni aliwahi kumwaga maji kama anaosha gari, mifuko ikaoza, stoo ikanuka mpaka mbwa wa jirani akahama. Tulimcheka sana. Alijicheka mwenyewe.

Halafu ikaja Julai.

Kama unaishi huku unajua hiyo baridi. Asubuhi mpaka jioni mawingu yamekaa juu ya mabati kama kifuniko. Uyoga ukakataa. Mifuko ilikuwa myeupe ndani, iko tayari, lakini hakuna kitu kinachomoza. Hoteli moja ya pale karibu na barabara kuu ikanipigia simu, tena, na tena. Mimi sipendi kuulizwa mara mbili. Nikamuuliza muthoni tufanye nini, akasema, "Tungoje. Baridi haina mahakama ya kuipeleka."

Tungoje! Mimi maisha yangu sijangoja. Nikakumbuka chumba changu cha kufurisha unga. Mkate kabla haujaingia tanuri lazima ufure, na wakati wa baridi nilikuwa naweka jiko la makaa ndani ya chumba na sufuria ya maji juu yake. Mvuke unajaa, unga unafura. Nikajiambia, si ni kitu kimoja? Joto na unyevu! Uyoga ni mkate tu ambao haujui ni mkate.

Nikaingiza jiko kwa hema. Makaa yaliyoshika vizuri, mekundu, hayana moshi. Sufuria ya maji juu. Nikafunga pazia. Kasaa kakapanda, joto likapanda, unyevu ukapanda mpaka mshale ukasimama. Na siku zilizofuata, haiya! Vichwa vikaanza kumea kila mfuko. Nikaita watu wakuje waone. Nikamwambia muthoni kwa simu, "Wewe endelea kungoja huko Makongeni. Huku watu wanafanya kazi."

Alikuja akaangalia. Akapiga magoti, akashika mmoja. Ulikuwa mrefu, mwembamba, na kakichwa kadogo kama msumari.

"Baba Njeri, hizi zinatafuta hewa."

"Zinatafuta hewa na ziko ndani ya hewa?"

"Uyoga unapumua. Usipopata hewa mpya unajivuta hivi, kama mtu anazama anainua shingo. Fungua madirisha kidogo."

"Kwani uyoga una mapafu?"

"Unayo kuliko wewe! Wewe umejifungia tangu uzaliwe!"

Watu waliokuwa hapo wakacheka. Njeri alikuweko, akacheka. Mama Njeri hakucheka. Alikuwa ananiangalia mimi mkono, si uso. Wakati huo sikuona hiyo kama kitu. Leo naiona kila nikifunga macho.

Muthoni akafungua madirisha mawili. Akaenda zake. Jioni nikaingia nikakuta unyevu umeanguka na vichwa vimekauka kingo, vimekuwa rangi ya karatasi ya zamani. Damu ikapanda. Nikafunga. Asubuhi nakuta dirisha limefunguliwa tena. Nikafunga. Kesho yake limefunguliwa. Nani? Kila mtu anasema si yeye. Muthoni hakuwa hata amekuja! Lakini kichwani mwangu nilikuwa nimeshamhukumu, anatuma mtu, anataka kuniaibisha, anataka ionekane kwamba mzee wa mikate hajui kitu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilichukua sindano ya kushonea magunia na uzi wa katani. Nikashona yale madirisha yote manne. Nikashona kama sanda. Pazia la mlango nikaliwekea mbao nzito chini lisipepee. Halafu nikakaa mezani, chai mbele yangu, nikasema kwa sauti, "Atakayegusa hema langu nitamvunja mkono." Mama Njeri alikuwa ananimiminia chai. Akamimina mpaka ikamwagika kwa sahani. Nikamtukana kwa hiyo chai.

Kuna kitu ningefaa kukumbuka na sikukumbuka. Kile chumba cha mkate, mlango wake haukuwa unafungwa. Vijana walikuwa wanaingia na kutoka na trei siku nzima, hewa inaingia nao. Sijawahi kukifunga kabisa hata siku moja. Mimi nilikumbuka jiko. Mlango sikuukumbuka.

Asubuhi hiyo nilitoka kwenda kwa ile hoteli kuwaambia wiki hii watapata. Nikarudi nikitembea haraka, na furaha, walikuwa wamekubali. Nikaingia kwa lango. Nikaona mlango wa stoo uko wazi. Nikasikia maji yakimwagwa, na ile sauti ya makaa yakizimwa, shaaa!

Nikaingia. Stoo imejaa majivu na mvuke. Muthoni amesimama katikati na ndoo mikononi. Jiko langu limepinduliwa nje ya hema, makaa yote meusi. Pazia limetupwa juu. Na upande wa nyuma wa hema, karatasi yangu imekatwa kwa kisu kutoka kiuno mpaka chini, inaning'inia kama ngozi.

"Nani amekata?"

Aligeuka. Uso wake ulikuwa umelowa. "Ni mimi, Baba Njeri. Mimi ndiye nimekata. Njoo haraka nikuonyeshe, huku nyuma kuna..."

Hakumaliza. Ule mwiko wa tanuri ulikuwa kwa kona yake. Ni mti mgumu, mrefu kuliko mtu, kichwa kipana. Sijui nimeushika saa ngapi. Nilimpiga wa kwanza kwa bega, ndoo ikaruka. Akainua mkono ajikinge, akasema, "Ngoja! Ngoja!" Nikampiga mkono. Nilisikia. Wewe umewahi kusikia mti mkavu ukivunjwa kwa goti? Hivyo. Mkono ukashuka peke yake, ukakaa vibaya, na mimi, Mungu anisamehe, nilipiga tena hapo hapo. Akaanguka juu ya makaa yenye maji. Nikamkanyaga kwa mbavu. Nilikuwa napiga na kuongea. "Hii ni kwangu! Hii ni kwangu! Utanifundisha joto mimi? Mimi?"

Hakunirudishia hata moja. Mtu mnene, mwenye nguvu, angenigeuza kama chapati. Alikuwa anajikokota kuelekea mlango wa nyuma wa stoo kwa mkono mmoja, na mimi nafikiri anatoroka, namfuata namchapa miguu. Kumbe alikuwa ananivuta nimfuate!

Alipofika mlango wa nyuma akasema, polepole, na damu kwa meno, "Angalia. Angalia bibi yako."

Nikaangalia.

Mama Njeri alikuwa amelala ubavu katikati ya sukuma wiki. Ametapika. Mdomo wazi. Magoti yake yalikuwa na udongo na majivu, ametambaa. Macho yalikuwa wazi, yananiangalia. Nikatupa mwiko. Woi! Nikamwita jina lake la usichana, ambalo sijalitumia tangu tuoane. Hakujibu. Nikapiga nduru, majirani wakaruka ua.

Yale makaa yasiyo na moshi ndiyo yalimwangusha. Daktari alisema makaa yakiwaka mahali pamefungwa yanatoa hewa mbaya, haionekani, hainuki, inakulaza kama usingizi. Alisema angekaa ndani muda kidogo tu zaidi, tungekuwa tunazungumza habari ya mochari. Walimwekea hewa kwa mdomo. Muthoni naye akalazwa upande wa wanaume, mkono umepangwa na vyuma, mbavu zimefungwa. Njeri alikuwa anakimbia kati ya vitanda viwili. Aliponiona kwa korido alisimama. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni nikikanda unga. Akaniambia, "Baba, usikaribie. Usikaribie yeyote kati yao."

Alitaka kunipeleka polisi, na alikuwa na haki. Muthoni ndiye alikataa. Aliwaambia madaktari ameanguka ngazi. Ngazi gani? Kwangu hakuna ngazi!

Nilirudi nyumbani peke yangu. Na nikakuta nini? Hakuna aliyekuwa amefunga hema. Baada ya siku kadhaa, pale kwenye mpasuko, mahali karatasi ilikatwa na hewa inaingia, uyoga ulikuwa umefunguka. Mpana, mweupe, mzuri kuliko wote tuliowahi kuvuna. Ndani, mbali na mpasuko, bado misumari.

Unafikiri nilijifunza hapo? Nilichukua ule mwiko nikapiga kila kitu. Mifuko, fito, kasaa, karatasi. Nilipiga mpaka mabati ya stoo yakabonyea na majirani wakazima redio zao. Uyoga ulitapakaa sakafuni kama mtu amemwaga nyama. Nikakaa katikati nikalia, na hata hapo nilikuwa najililia mwenyewe, nikifikiri ni mimi nimeonewa. Huyo ndiye mimi.

Mama Njeri alipotoka hospitali hakuja Ruiru. Alienda Makongeni kwa Njeri. Muthoni anaishi ploti hiyo hiyo ya nyumba za kupanga, mlango wa pili. Simu zangu alikuwa anashika, anasema "niko sawa," anakata. Nikasema, hii ni kwa sababu ya muthoni. Nikimaliza na muthoni, bibi yangu atarudi. Ni mambo ya mila tu.

Nikatafuta kondoo dume mnene, yule wa kuomba msamaha mkubwa. Nikachukua wazee wawili wa kanisa letu. Tukaenda Makongeni mchana, watu wakituangalia, kondoo anakataa kupanda ngazi za ile ploti. Mzee mmoja anasukuma nyuma, mimi navuta mbele, watoto wanapiga makofi.

Muthoni alitokea mlangoni, mkono umefungwa kifuani. Amekonda. Akaangalia kondoo, akaangalia mimi.

"Baba Njeri, huyu mgeni tutamweka wapi, bafuni?"

Wazee wakacheka, nami nikacheka, nikahisi imeisha. Tukakaribishwa. Njeri akaleta chai bila kuniangalia. Mama Njeri akaja akakaa karibu na dirisha, kitambaa kichwani, mikono kwa mapaja. Nikasimama nikasema maneno niliyokuwa nimepanga. Nikasema shetani alinipitia. Nikasema ni hasira ya kazi, ni baridi, ni watu wa hoteli. Nikasema muthoni anisamehe ili bibi yangu arudi nyumbani kwake.

Muthoni akasema, "Mimi nilikusamehe nikiwa bado chini. Mkono utapona, si wote, lakini utapona. Kondoo nimepokea. Lakini nikuambie kitu, kwa sababu nimechoka kukibeba. Ile karatasi si mimi niliyeikata."

"Ulisema ni wewe!"

"Nilisema."

"Sasa kwa nini mtu mzima aseme uongo mpaka avunjwe mkono?"

Akamwangalia Mama Njeri.

Mama Njeri hakuinua sauti. Hajawahi kuinua sauti kwangu. Alisema, "Nilikata mimi. Nilikuwa ndani navuna, kichwa kikaanza kugonga, miguu ikaisha. Mlango uko mbali na una mbao zako. Nikaenda kwa dirisha, nikakuta umeshona. Nikakata na kisu cha kuvunia. Nikatoka kwa magoti. Hata yale madirisha ya kila asubuhi ni mimi nilikuwa nafungua, kwa sababu nilikuwa naumwa na kichwa humo ndani na naogopa kukuambia."

"Kuogopa nini?"

Wazee wakaangalia chini. Hata wao walikuwa wanajua! Kanisa lote, kumbe, lilikuwa linajua.

Wacha niseme sasa, kwa sababu nimekuzunguka tangu mwanzo. Nilikuwa nampiga. Si kila siku, mimi nilikuwa najiambia hivyo, si kila siku. Chai ikimwagika. Mkate ukiungua. Akijibu mbele ya watu. Alipopoteza jino nilimwambia aseme ni mlango. Njeri alikua akisikia hiyo. Na mimi nilikuwa najiita mwanaume aliyejijenga.

Mama Njeri akaendelea. "Muthoni alinikuta kwa sukuma wiki. Alikuwa amekuja kutembea tu. Nikamwambia, kazima hilo jiko, nyumba itaungua. Alikuwa anapita na ndoo ya maji nikasikia viatu barabarani, bado hujafika lango. Mimi najua viatu vyako. Nikamshika mguu nikamwambia, sema ni wewe umekata. Mimi ataniua, lakini wewe hawezi kukugusa. Wewe ni muthoni."

Njeri alikuwa analia jikoni, nasikia vikombe.

"Nilijua hakuna mtu mwingine. Fundi ulimpiga. Ndugu yako ulimpiga. Mimi. Lakini nikasema, huyu hawezi, hata yeye hawezi, ni muthoni. Halafu nikasikia mfupa. Nilikuwa na sauti, Baba Njeri. Ndogo, lakini nilikuwa nayo. Ningeita jina lako ungeacha. Sikuita. Nilinyamaza, nikamwacha mtu wa watu apigwe, kwa sababu wakati unampiga yeye, hukuwa unanipiga mimi. Hiyo nalala nayo na kuamka nayo."

Nikamwambia, na nilikuwa nimepiga magoti, mimi, mbele ya wazee na kondoo amefungwa kwa mguu wa meza, nikamwambia, "Rudi nyumbani. Sitainua mkono tena."

Akaniuliza, na alikuwa anauliza kweli, si maneno ya kunichoma: "Nikirudi, safari hii nitajificha nyuma ya nani?"

Mimi niliye na jibu la kila kitu! Nilitafuta kichwani kote. Sikupata hata mtu mmoja.

Akasimama, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Muthoni akanisindikiza mpaka barabarani kwa mkono mmoja. Hakusema kitu. Mtu ambaye mdomo haufungi.

Sasa nakuambia wewe unayesoma, hasa wewe mwanaume wa rika langu ambaye ulianza bila kitu na sasa unafikiri kila kitu ni chako. Ukiweka jiko la makaa mahali pamefungwa, iwe ni kuku, iwe ni uyoga, iwe ni watoto wanaosikia baridi, fungua dirisha. Usingoje kuona moshi, hakuna moshi. Hiyo ni rahisi, mtoto anaweza kuielewa, mimi sikuielewa.

Na ukifika kwako ukakuta kitu kimeharibiwa, uliza, halafu ngoja mtu amalize kusema. Mimi nilikatiza maneno ambayo mwisho wake ulikuwa bibi yangu.

Na hii ya mwisho usiisome haraka. Kesho ukiingia kwa lango lako, simama kidogo usikilize. Kama kulikuwa na kicheko ndani na viatu vyako vimekizima, usifikiri ni heshima unapewa. Miaka yote hiyo mimi nilifikiri ni heshima.